Mwaka wa Nyasi Zisizoungua

Tulimzika Mama Leokadia kijijini Kasanzi mwezi wa Juni, baridi ya Ufipa ikiwa imekaa sawasawa kwenye mifupa. Nilikwenda kwa basi, na kutoka Tunduma hadi Sumbawanga nililala fofofo, jambo ambalo zamani lisingewezekana, maana barabara ile ilikuwa inakutikisa mpaka unasahau ulikokuwa unakwenda. Sasa ni lami mtindo mmoja. Baada ya maziko, tukiwa tumejikunyata jikoni kuzunguka moto, mjukuu wake Oresta, mwalimu wa sekondari, alitoa simu akanionyesha Kasanzi ilivyo kutoka angani. Aliivuta picha kwa vidole viwili, mlima ukatujia usoni, kisha mteremko wa bibi yake, kisha bati la nyumba ile ile tuliyokuwa tumekaa ndani yake. "Bibi Hidaya, ona maajabu," aliniambia, "unakaa hapa unajiona kama ndege." Nilimjibu kwamba ni maajabu kweli. Sikuwa na moyo wa kumharibia. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba mwaka mmoja, yeye hajazaliwa, picha ya namna hiyo ilikaribia kumnyang'anya bibi yake mteremko huo huo, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mezani na kalamu mkononi? Tangu nirudi Dodoma nimekuwa nikiuwaza mwaka ule, na nimeona bora niuandike kabla haujanipotea.

Nilipopangiwa Sumbawanga, wenzangu wa ofisini Dar es Salaam walicheka hadi machozi. "Umemkosea nani?" waliniuliza, wakanihusia nisigombane na mtu huko niendako, nisije nikapigwa radi kiangazi. Maneno ya vijana wa mjini waliokuwa hawajavuka Chalinze. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha uchoraji wa ramani, na nilijiona nimebeba sayansi yote ya dunia kwenye begi moja. Mradi ulionichukua ulikuwa wa kimataifa. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimekubaliana kuchora ramani ya uoto wa ardhi kwa kutumia picha za setilaiti, kila nchi kwa ufunguo ule ule wa rangi na herufi, ili siku moja karatasi zote ziunganishwe na mtu aweze kuona msitu ulipo, shamba lilipo na jangwa linapotambaa. Nilipoelezwa hivyo kwenye semina nilisisimkwa na mwili. Bado nasisimkwa, sioni aibu kusema. Lilikuwa wazo zuri, na watu waliolifanyia kazi walikuwa watu wazuri.

Huo ulikuwa wakati biashara huria imeshika kasi, na Sumbawanga ilikuwa kama nyumba inayohamiwa na kuhamwa kwa siku moja. Maghala ya ushirika yalikuwa yamefungwa, popo wamehamia. Malori ya wafanyabiashara binafsi yalikuja kutoka Mbeya kununua mahindi kwa bei waliyojipangia wenyewe, na mtaani Majengo mashati ya mitumba yalitundikwa hadi kwenye madirisha ya watu. Kila kitu kilikuwapo madukani, tofauti na miaka ya foleni, ila sasa aliyekosekana ni mwenye uwezo wa kukinunua. Mbolea ndiyo iliyoumiza zaidi. Zamani ilikuja kwa ruzuku, na nyanda zile zikawa bahari ya mahindi. Ruzuku ilipoondolewa, niliwaona wazee wanaingia dukani, wanauliza bei ya mfuko, wanacheka kidogo kwa adabu, wanatoka. Wengine walikuwa wanarudia hapo hapo wiki inayofuata kuuliza tena, kama mtu anayedhani mara ya kwanza hakusikia vizuri.

Nilipanga chumba cha uani kwa Mama Leokadia, mjane aliyekuwa na kibanda cha kuuza maharage na ulezi hapo hapo Majengo, na kila mwisho wa wiki akipanda Kasanzi kwenye mashamba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao, picha ya Bikira Maria ambayo aliniuliza kama aiondoe kwa kuwa mimi ni Mwislamu, nikamwambia aiache anipe kampani, na dirisha lisilofunga vizuri lililoingiza baridi ambayo sikuwahi kuijua maishani. Nilifika Januari nikiwa na kanga mbili na sweta moja jepesi. Jioni ya kwanza alinitazama ninavyotetemeka, akaingia ndani, akatoka na blanketi la kijivu na jiko la mkaa, akanikalisha sebuleni. "Wewe binti, ulidhani unakuja Bagamoyo?" Tulikula ugali wa ulezi, mweusi, mzito, na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, ambayo dereva wetu Filbert alikuwa ameileta kutoka kwao Kirando. Nilikula nikidhani naonja tu, nikajikuta nalamba vidole. Hadi leo, nikisikia harufu ya migebuka ya kukausha inachemka na nyanya, narudi kwenye kile kigoda, blanketi mabegani, mama yule akinisimulia habari za Kasanzi kama vile mtu anavyosimulia habari za mtoto wake anayesoma mbali.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, madirisha makubwa upande wa mashariki, na ukuta wa mbao nyembamba uliotutenga na chumba cha afisa mmoja wa wilaya. Kiongozi wetu alikuwa Bwana Jens, Mdenishi mrefu, mwenye Kiswahili cha darasani kisicho na kosa hata moja na kisicho na utani hata mmoja. Watoto wa Majengo walimwita Bwana Picha. Mezani tulitandaza picha za setilaiti zilizochapwa kwenye karatasi kubwa, na siku ya kwanza Filbert alipoziona alishika kichwa. "Dada Hidaya, mbona nchi yote inavuja damu?" Nikamweleza nilivyofundishwa, kwamba kwenye picha zile kila kilicho kibichi huonekana chekundu, nyasi kavu huonekana nyeupe iliyochafuka, na mahali palipopitiwa na moto huwa peusi. Picha zetu zilikuwa za Agosti ya mwaka uliotangulia, kwa sababu masika Ufipa hufunikwa na mawingu, na setilaiti ikipita juu huona pamba tupu. Kazi yangu ilikuwa kuweka karatasi angavu juu ya picha, kuchora mipaka kwa kalamu nyembamba, na kuandika herufi ndani ya kila kipande: msitu, shamba, nyasi, kinamasi. Kisha tungekwenda uwandani kuhakiki. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Niliinama pale tangu chai ya tangawizi ya asubuhi hadi macho yakauma, na nikitoka nje nilikuwa naona mipaka hata kwenye vivuli vya watu.

Mwisho wa Februari Mama Leokadia aliniambia kesho siendi popote, nakwenda naye Kasanzi kulima ntumba. Sikujua ntumba ni nini. Nilikuta watu wengi wameshafika kwenye mteremko wake, wanaume kwa wanawake, kila mtu na jembe lake, na kando yao mitungi ya pombe ya ulezi imefunikwa kwa majani. Kwangu mimi alikuwa ametenga kibuyu cha togwa. Nyasi zilikuwa ndefu kunifika kifuani. Wanayafyeka majani, wanayakusanya pamoja, kisha wanakata udongo na mizizi yake na kuugeuza juu yake, hadi linasimama tuta la mviringo, refu kama kiti cha jikoni. Tuta moja, jingine, jingine, mlima mzima ukavaa vichuguu. Nyasi zinaozea humo ndani, juu yake unapanda maharage, na mvua za mwaka unaofuata unabomoa tuta na kusambaza udongo ule ulioiva, unapanda ulezi. Mchana mikono yangu ilikuwa imechubuka na ntumba zangu zimeegemea upande kama walevi. Wanawake walizicheka hadi wakakaa chini. "Hizi za mtu wa ramani," alisema mmoja, "zinatafuta kaskazini."

Tukiwa tumepumzika, Mama Leokadia alinionyesha sehemu ya juu ya mteremko, ambako nyasi ziliachwa zimesimama. Enzi za mbolea, alisema, kote huko kulikuwa mahindi, hadi kileleni. Mbolea ilipopanda bei, yeye na wenzake wakarudia njia ya wazazi wao: ardhi ipumzike, nyasi zikue miaka kadhaa, zinenepe, ndipo zifukiwe. "Nyasi hizi ndizo mbolea yangu," aliniambia. "Zikiungua kiangazi, sina kitu. Ndiyo maana huyu Msukuma ananizeesha." Msukuma mwenyewe alikuwa Masanja, mfugaji aliyekuja na familia yake na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, akajenga boma ng'ambo ya kijito. Kila kiangazi wafugaji huchoma nyasi ili zichipue upya kwa ajili ya mifugo, na kila kiangazi Mama Leokadia na majirani zake walifyeka ukanda kuzunguka nyasi zao ili moto usivuke, na wakashinda huko juu wakilinda. Ng'ombe wakikaribia, mama yule mtu mzima, muumini wa kanisa, mwanachama wa kwaya, alishuka mlima akigonga sufuria kwa mwiko na kumtukana Masanja kwa Kifipa na Kiswahili kwa zamu. Nilimwona mwenyewe siku moja. Masanja alivua kofia, akasema, "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, akawageuza ng'ombe wake taratibu. Hapo ndipo alipozidi kumuudhi.

Mambo yaliharibika mwezi wa Mei. Nilikuwa peke yangu mezani, nachora upande wa Kasanzi. Ramani za zamani zilionyesha mteremko ule kuwa shamba la mahindi, na picha ya Agosti ilionyesha nyasi. Ufunguo wetu ulikuwa na jibu la hali hiyo, lililoandikwa na watu walioketi mbali sana na Ufipa: mashamba yaliyoachwa. Kabla sijaweka herufi, nilisikia kupitia ule ukuta wa mbao sauti ya yule afisa akizungumza na mgeni wake. "Ramani ya wazungu inatoka mwaka huu," alisema. "Kuhusu Kasanzi, wachoraji wenyewe wameshaniambia inaonyesha mashamba yameachwa. Ikithibitika tu, tunafanya kitalu cha malisho, tunawaweka wafugaji wote huko, kesi zinaisha. Kila siku kesi, kila siku kesi, mimi nimechoka." Mgeni akauliza wenye mashamba je. "Wenye mashamba gani? Limeachwa ni limeachwa." Hakuwa mtu mbaya, yule afisa. Alikuwa mtu aliyechoka, na karatasi ilikuwa imempa pa kupumzikia. Kalamu yangu ilibaki hewani hadi wino ukadondoka kwenye karatasi angavu, nikalazimika kuufuta kwa spiriti.

Jioni ile nilimweleza Mama Leokadia. Alikuwa anapepeta ulezi. Ungo uliendelea kucheza mikononi mwake muda kidogo, kama vile mikono haijapata habari, kisha ukasimama. "Nimeacha?" aliuliza. "Nani ameacha? Mimi?" Alirudia neno lile mara nyingi, akiligeuza huku na huku. Chakula kiliiva hakuna aliyekigusa. Mteremko ule ndio uliomsomesha mwanawe, ndio uliotarajiwa kumlisha uzeeni, na mumewe alizikwa chini yake. Nilimwahidi nitaongea na Bwana Jens, na nilipokuwa nasema hivyo nilimwona ananitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtoto anayekuambia atakununulia gari.

Bwana Jens alinisikiliza hadi mwisho. Hakunibeza. Nilimweleza ntumba, nikamwonyesha viganja vyangu vilivyokuwa bado na sugu. "Ninakuamini kabisa, Hidaya," alisema kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi. "Lakini ramani hii inachora kile ambacho picha inathibitisha. Nikiweka shamba kwa sababu mwenye nyumba wako ameniambia ni shamba, kesho kila kijiji kitaniambia jambo lake, na katika kila nchi itakuwa hivyo. Nitafutie ushahidi ndani ya picha, nami nitakuwa wa kwanza kubadilisha." Nilikasirika sana, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Niliandika "mashamba yaliyoachwa" kama ufunguo ulivyotaka, kisha nikaitazama ile picha wiki nzima. Niliona weupe, niliona weusi, niliona uwekundu mwembamba wa kijito. Ntumba moja moja ni ndogo mno kuonekana kutoka huko juu, na Agosti, maharage yakiwa yameshavunwa, mteremko mzima ulikuwa rangi moja na pori lolote.

Tulikwenda Kasanzi kuhakiki mwezi wa Julai, siku kavu yenye upepo, anga limejaa moshi wa mioto ya mbali. Tulikuwa mimi, Bwana Jens, Filbert na yule afisa, aliyetaka kuliona eneo lake la kitalu kwa macho yake. Picha tuliitandaza juu ya boneti ya Land Rover na kuibana kwa mawe. Mama Leokadia alikuwa amesimama mbele ya wanakijiji wenzake, amevaa gauni la kanisani na kilemba kipya, mikono ameifunga kifuani. Masanja naye aliitwa, akaja na fimbo yake mabegani, ng'ombe amewaacha kule chini kijitoni. Yule afisa alimkaribisha kwa uchangamfu, na si kwa ubaya, maana alidhani anampa mtu habari njema. Alimweleza mbele ya wote kwamba eneo lile huenda likafanywa la malisho, na kwamba wataalamu wanataka tu kujua kama kuna mtu analitumia.

Masanja aliomba aione picha. Bwana Jens alimwonyesha kijito, kisha josho la ng'ombe, na kutoka hapo Masanja alijitembeza mwenyewe kwa kidole. Alilikuta boma lake, akatabasamu. Kidole kikapanda mlima, kikavuka weusi mpana, kikasimama kwenye kipande cheupe.

"Hapa," alisema.

"Hapo ndipo unapochungia?" afisa akauliza.

"Hapana, mkubwa. Hapa ndipo ninapofukuzwa."

Watu waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Kidole kilihamia kipande cheupe kingine. "Na hapa ananifukuza mzee Kizito, yule pale mwenye koti. Hapa wanawe. Na hapa," akakirudisha kidole mahali pa kwanza, "hapa ni mayu huyu, na sufuria lake." Alimnyooshea Mama Leokadia mkono wazi, kwa heshima. "Kwingine kote huku kweusi ni kwetu, tulichoma sisi. Lakini hizi nyeupe haziungui. Hawaruhusu."

Bwana Jens aliinama juu ya picha hadi pua ikakaribia kuigusa. Nami niliinama, na nilichokiona kilikuwa mbele ya macho yangu tangu Mei. Vile vipande vyeupe vilikuwa na pembe. Vilikuwa na kingo zilizonyooka, na moto mweusi ulikuwa umefika kwenye kingo hizo ukasimama, kila upande, kwenye kila kipande, mlima mzima. Pori lililoachwa huungua linavyotaka. Vipande hivi vilikuwa vimefyekewa, vimelindwa, siku baada ya siku, na watu waliokesha macho juu yake kiangazi chote. Nilisikia machozi yananijia na nikajifanya moshi umeniingia machoni. "Hidaya," alisema Bwana Jens polepole, "hili halikuachwa na mtu yeyote." Akachukua kalamu yangu mfukoni mwangu bila kuomba, akalikata neno lile kwenye karatasi angavu mbele ya kila mtu. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Leokadia hakupiga. Alikuwa anamtazama Masanja kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtarajia na hana hata kiti cha kumpa. Masanja alivaa kofia yake, akashuka kurudi kwa ng'ombe.

Tulimkuta njiani tunarudi, na Filbert, ambaye hakuwahi kuzuia swali maishani mwake, alisimamisha gari. "Mshikaji, kile kitalu si ungepewa wewe? Mbona ulijiharibia?" Masanja alifikiri kidogo. Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha Kisukuma, na alikitoa bila haraka. "Mtu amezikinga nyasi zake na moto miaka yote hiyo," alisema, "halafu mimi nizile mchana kweupe kwa sababu karatasi imesema? Ng'ombe wangu wangeshiba. Mimi ningekula nini?" Filbert alitia gia, tukaendelea hadi Sumbawanga.

Bwana Jens aliandikia makao ya mradi, na ufunguo ukaongezewa herufi moja ndogo kwa ajili ya mashamba yanayopumzishwa. Aliniambia itatumika pia katika nchi nyingine, kwingine ambako watu hulaza ardhi kwa njia zao. Nilitembea nimeinua mabega mwezi mzima. Kwa Mama Leokadia kulikuwa na sherehe: kuku, wali, migebuka, na majirani waliokuja kumwona binti wa ramani. Miongoni mwa mazungumzo ya siku ile nakumbuka alisema, kana kwamba anawaza kwa sauti, kwamba ng'ombe wa Masanja wangelala kwenye shamba lake la chini baada ya kuvuna mahindi, samadi yao ingemfaa kuliko mbolea ya dukani, na wao wangepata mabua. Jirani mmoja akamtania kwamba sasa anamtaka Msukuma wake karibu. "Nyamaza wewe," akasema, na akacheka, na uso wake ulikuwa mzuri. Akasema atamwendea akishamaliza kupura ulezi.

Lakini yule afisa alikuwa bado na kesi zake, na sasa alikuwa na ramani mpya. Kama upande ule wote ni mashamba, basi hakuna malisho, na kama hakuna malisho, wafugaji wanafanya nini pale? Niliyasikia maneno hayo kupitia ukuta ule ule, mwezi wa Septemba, yakisemwa kwa sauti ile ile ya uchovu. Wafugaji wa Kasanzi walitakiwa washuke bonde la Rukwa. Niliacha chai mezani nikakimbia hadi Majengo. Mama Leokadia alifunga kibanda bila hata kufunika maharage, na Filbert, Mungu amrehemu, alitupeleka kwa gari la mradi bila kumuuliza mtu. Njiani Mama Leokadia alikuwa anapanga maneno. Atasema Masanja ni mgeni wake. Atasema ng'ombe wanalala kwenye shamba lake kwa ruhusa yake, na asiyetaka aje amfukuze yeye kwanza. Mzee Kizito atasimama naye, na wengine, watakwenda ofisini kundi zima. Alinishika mkono, mkono wake ulikuwa wa moto.

Boma lilikuwa tupu. Miti ya lango ilikuwa imelazwa pembeni kwa utaratibu, moja juu ya nyingine, nyumba zimefagiliwa. Samadi ilikuwa imejaa, nyeusi, nene, na Mama Leokadia aliinama akaigusa. "Bado mbichi," alisema. Alizunguka boma lote, akichungulia kwenye kila kibanda kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kisha alikaa kwenye gogo la lango, akajifunika uso kwa kilemba chake, akalia, na mimi sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, wala siku ile ya neno "kuachwa". Nilikaa naye. Upande wa mashariki nchi ilishuka kuelekea bondeni, na huko chini kulikuwa na vumbi ambalo lingeweza kuwa la ng'ombe, au la upepo tu.

"Kwenye hiyo ramani yenu," aliniuliza baadaye, "mimi nipo?"

"Shamba lako lipo, mama. Limeandikwa."

"Na yeye mmemwandika wapi?"

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia ng'ombe hawaonekani kutoka juu, na boma lake lilikuwa dogo mno kupewa herufi, kwa hiyo tulilichanganya na nyasi zilizolizunguka. Alitikisa kichwa taratibu, akajipangusa, akasimama na kukung'uta vumbi kwenye gauni.

"Basi kesho ukifika ofisini uwaambie."

"Niwaambie nini, mama?"

"Kwamba pale palikuwa na mtu."